Doa Jekundu Juu ya Ziwa Letu

Jumamosi moja, saa kumi jioni, tulikuwa tumebanana kwenye banda la video Ujiji, hapa Kigoma kando ya Ziwa Tanganyika, mimi na mtoto wa kaka yangu mwenye miaka 11, tukitazama dunia ikivamiwa. Nje, kwenye ubao, chini ya ratiba ya mpira, waliandika kwa chaki: viumbe wa anga za mbali, imetafsiriwa, kiingilio 500. Blanketi zito lilikuwa limetundikwa mlangoni kuzuia mwanga. Joto la mabati lilitushukia vichwani. Wanawake tulikuwa wawili tu, mimi na mama mmoja anayeuza karanga pale nje, ambaye kila baada ya muda alifunua blanketi na kuuliza wamefikia wapi.

Mtoto alikuwa amenibembeleza wiki nzima, ingawa hakuwa na haja. Picha za namna hii nazipenda tangu nikiwa mdogo kuliko yeye. Nilianza kuzitazama kwenye mikanda ya VHS nyumbani kwa jirani, enzi za umeme wa majenereta ya dizeli, ambao ulikuwa ukikatika steringi akiwa katikati ya hatari. Hapo watoto tulibaki gizani sakafuni, na hakuna aliyekuwa tayari kuondoka bila kujua mwisho, basi tukawa tunaumalizia wenyewe. Mmoja anasema hivi, mwingine anakataa, anasema vile. Baadhi ya picha ninazozikumbuka vizuri zaidi ni zile ambazo mwisho wake tuliutunga sisi. Kwa hiyo ninapolalamika kuhusu picha mbaya ya wageni wa angani, ninalalamika juu ya kitu ninachokipenda kwa moyo wote.

Jina lake sitalitaja. Ni ya Kimarekani, ya bei nafuu, ya wale wasio na studio kubwa nyuma yao, na kutokuwa na hela si dhambi. Chombo kikubwa kinatokea juu ya mji mmoja mdogo. Kuna mwanasayansi ambaye hakusikilizwa, kuna mwanajeshi mstaafu, kuna binti wa mwanajeshi anayejua kompyuta. Wanakimbia. Kwa dakika kama 70 hivi wanakimbia, na karibu muda wote wanakimbia kwenye korido moja. Mara ya kwanza tuliambiwa ni hospitali, mara ya pili kambi ya jeshi, mara ya tatu ofisi ya serikali. Lakini ukutani, kwa urefu wa bega, palining'inia mtungi mwekundu wa kuzimia moto wenye stika iliyobanduka kona moja. Hospitali ilikuwa nao, kambi ilikuwa nao, na ofisi ilikuwa nao, na stika ni ileile, imebanduka kona ileile.

Hilo nililisamehe. Najua kwa nini wanafanya hivyo. Kukodi jengo moja kwa siku chache ni rahisi kuliko kukodi matatu. Miji inayoungua huwa ni vipande vilivyonunuliwa kutoka kwa wengine, na mtangazaji wa televisheni anawekwa atusimulie kwamba Paris imeanguka kwa sababu kusimulia ni bei rahisi kuliko kuonyesha. Hata yule kiumbe alipotokea mwishoni, kwa muda usiotimia dakika, akiwa amechorwa kwa kompyuta, nilijaribu kumsamehe. Miguu yake haikugusa sakafu. Kila mtu kwenye ile korido alikuwa na kivuli isipokuwa yeye. Wavulana wa benchi la mbele wakasema kwa pamoja, kwa uhakika kabisa: jini.

Ambacho sikukisamehe ni ramani.

Kulikuwa na chumba cha wakubwa wa jeshi, na ukutani skrini yenye ramani ya dunia. Mwanasayansi anaeleza kwamba hawa viumbe wamefuata maji. Sayari yao imekauka, wanataka maji baridi, yasiyo ya chumvi, na vyombo vyao vinashuka palipo na maji mengi. Madoa mekundu yakaanza kuwaka kwenye ramani, moja baada ya jingine. Marekani ya kaskazini, pale penye maziwa yao. Urusi. Halafu doa moja likawaka katikati ya Afrika, kulia kidogo, refu kuliko mengine, limelala kaskazini kwenda kusini.

Banda zima lililipuka. Watu walisimama. "Kigoma hiyo! Ziwa hilo!" Kijana mmoja alikwenda mpaka kwenye televisheni akaweka kidole juu ya doa na kugeuka kututazama, uso wake umejaa mwanga mwekundu. Wenye banda wakamwambia akae, lakini hata wao walikuwa wanacheka kwa furaha. Sijawahi kuona watu wakifurahia hivyo kuvamiwa. Mama wa karanga akafunua blanketi: "Vipi? Wamefika wapi?" Akajibiwa: "Wamefika hapa."

Kisha picha ikarudi kwenye korido. Lile doa halikutajwa tena mpaka mwisho. Binti akabonyeza vitufe kwenye laptopu, vyombo vikaanguka, steringi akakumbatiana na mwanawe mbele ya bendera, majina yakapanda. Tulipokuwa tunatoka, macho yetu yamebanwa na jua, mtoto akaniuliza: "Shangazi, sasa sisi ilikuwaje?"

Nimebeba swali hilo mpaka leo.

Fikiria wenye ile picha walikuwa na nini mkononi. Wao wenyewe ndio waliosema wavamizi wamefuata maji baridi. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal, na peke yake limebeba karibu moja ya sita ya maji baridi yote ya juu ya ardhi ambayo hayajaganda. Kwa hoja yao wenyewe, hapa ndipo vita kuu ilipopaswa kupiganiwa. Hapa, Kibirizi na Ujiji na Katonga. Walifika mpaka kwenye jibu sahihi la fumbo lao, wakalitia rangi nyekundu, wakaondoka. Hawakuhitaji hata kuja kupiga picha huku. Ilitosha mtu mmoja kwenye kile chumba kuuliza: na pale, kuna nani?

Kuna mtu mmoja tu aliyejaribu kuuliza, naye hakuwemo kwenye picha. Ni mtafsiri, yule anayeingiza sauti yake ya Kiswahili juu ya picha. Sisi tuliokua na sauti ya Lufufu, mtafsiri maarufu wa picha, masikioni tunajua kwamba mtafsiri mzuri hafasiri maneno tu, anaihamishia picha nyumbani kwako. Huyu simfahamu jina, ila alikuwa anahangaika kwa dhati na neno moja: awaite nini hawa waliokuja? Alianza na "viumbe". Walipoanza kuua akasema "majini". Lakini katikati, pale chombo kilipokuwa kimesimama tu juu ya mji bila kufanya lolote na watu wameinua vichwa wanatazama, aliwaita "wageni". Akasema: "Wageni wamefika toka saa ile, hata maji hawajapewa." Watu wakacheka, lakini mimi nilishtuka, kwa sababu alikuwa amesema kweli. Wamekuja kufuata maji, na hakuna aliyewauliza.

Kiswahili kina neno moja hapo. Anayebisha hodi ni mgeni, na anayevunja mlango usiku, kabla hujamjua, naye ni mgeni. Mgeni njoo mwenyeji apone, tunasema, na haohao tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kati ya hodi na jembe kuna siku mbili za kumtazama mtu na kutojua ni wa namna gani. Kwangu mimi hadithi yote ya wavamizi wa angani inaishi ndani ya zile siku mbili. Ile picha ilizimaliza kwa dakika nne, ikaanza kufyatua risasi.

Kigoma tunazijua siku hizo. Reli ilifika hapa mwaka 1914, na nyuma yake Wajerumani wakaleta meli nzima ikiwa vipande vipande, imefungwa kwenye makasha kama 5,000 kutoka Papenburg, ikaungwa hapahapa bandarini, ikashushwa majini mwaka 1915. Ndiyo hii Liemba yetu. Mwaka uliofuata, Juni 1916, vita vya Wazungu vikiwa vimefika ziwani, ndege za Wabelgiji zikapaa kutoka ng'ambo, upande wa Kongo, zikaja juu ya maji na kuangusha mabomu kwenye bandari ya Kigoma. Ilikuwa miaka 13 tu tangu ndege ya kwanza ya injini iruke huko Marekani. Mwezi uliofuata Wajerumani wakaipaka grisi mitambo ya meli yao, wakaizamisha wenyewe isitekwe, wakaondoka. Ilikuja kuibuliwa mwaka 1924.

Soma tena hiyo sentensi ya ndege, polepole. Mashine zinanguruma kutoka upande jua linakotua, juu ya ziwa ambalo angani kwake palikuwa panapita ndege wenye manyoya tu, na zinatupa moto juu ya watu ambao ugomvi wenyewe si wao. Kama hiyo si hadithi ya uvamizi kutoka angani, basi sijui tunaita nini kwa jina hilo. Na kamera ingepaswa kusimama ufukweni Ujiji, kwa mtu anayeanika dagaa, iangalie analofanya baada ya mlipuko wa kwanza: anakimbia, au anakusanya kwanza dagaa zake?

Wenye kuanzisha aina hii ya hadithi walilijua hilo. H. G. Wells, alipoandika mwaka 1898 kitabu chake cha watu wa Mirihi kuivamia Uingereza, kwenye sura ya kwanza kabisa aliwakumbusha wasomaji wake jinsi wenyeji wa Tasmania walivyofutwa na wahamiaji kutoka Ulaya. Alikuwa anawaambia Waingereza wenzake: sasa jaribuni kusimama upande ule mwingine. Ndio mzizi wenyewe. Ukiukata, kinachobaki ni korido na mtungi wa kuzimia moto.

Sitaki kueleweka vibaya kwenye hili ninalosema sasa, kwa hiyo naliweka wazi: wakimbizi si wavamizi. Nazungumzia ujio tu, na sura za watu siku ya ujio. Mei 2015 maelfu kwa maelfu ya Warundi walivuka wakajaa kwenye kijiji cha Kagunga, kule mpakani, kamba nyembamba ya mchanga kati ya milima na maji. Kipindupindu kikaingia. Liemba ileile ikaenda kuwachukua, safari baada ya safari, ikawaleta Kigoma, wakapumzishwa uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika kabla ya kupelekwa kambini Nyarugusu. Nilikuwa miongoni mwa waliopeleka nguo na uji.

Kuna mwanaume mmoja, wa makamo, amevaa koti la suti juu ya kaptula. Alinisogelea kwa heshima, akaniuliza kwa Kiswahili cha Bujumbura ni saa ngapi. Nikamwambia saa tisa na robo. Akatazama mkono wake. Saa yake ilikuwa inasema saa nane na robo, kwa sababu kwao wako nyuma yetu kwa saa moja. Alisimama kidogo. Kisha akavuta kile kitufe cha pembeni, akausogeza mshale mkubwa mzunguko mzima, taratibu, akihakikisha haupitilizi, akakirudisha kitufe, akasema: "Asante, dada. Sasa nimefika."

Hiyo haigharimu kitu. Haitaki kompyuta wala mlipuko, inataka mkono na saa. Na mimi niliyetazama dunia ikivamiwa kwenye skrini mara zisizohesabika, sijaona tendo linalonionyesha vizuri zaidi maana ya kuvuka kutoka dunia moja kwenda nyingine.

Kwa hiyo mtu akiniambia "walikuwa hawana bajeti," siukubali huo utetezi. Mwaka 2010 Gareth Edwards wa Uingereza alitengeneza picha iitwayo Monsters kwa fedha zisizofika dola 500,000, pesa ndogo mno kwa kazi ya namna hiyo. Alisafiri Amerika ya Kati na kikundi kidogo cha watu na waigizaji wawili, wengi wa wanaoonekana ndani ni watu waliokutwa hukohuko, na madude yenyewe aliyachora mwenyewe kwenye kompyuta. Madude hayo huyaoni sana. Unachokiona ni ukuta uliobomoka, vibao vya tahadhari ambavyo watu wameshavizoea, na mtu wa dirisha la tiketi anayewapandishia nauli ya boti wageni wawili waliokwama kwa sababu anajua hawana njia nyingine. Nilipofika hapo kwenye dirisha la tiketi niliinuka kitini. Yeyote aliyewahi kugombania nafasi ya boti siku ya shida anamjua yule mtu. Nikaamini kila kitu kilichofuata, hata madude.

Na kuhusu maji, mwaka mmoja kabla, Wanuri Kahiu wa Kenya alishatengeneza Pumzi, picha fupi ya dakika kama 20 tu, kuhusu dunia iliyokauka ambamo watu wanachuja hata jasho lao wenyewe na kulinywa tena. Katika dakika hizo chache tone la maji linakuwa na uzito. Kwenye ile tuliyoiona Ujiji, wavamizi wamesafiri kati ya nyota kufuata maji na katika picha nzima sikumwona mtu hata mmoja akinywa.

Nilimweleza mtoto baadhi ya haya tukiwa njiani kurudi, bila majina wala miaka. Hakuonekana kusikiliza sana. Tulishuka mpaka ufukweni, akaokota jiwe, akalirusha, akarudi kwenye swali lake: sisi ilikuwaje? Nikamwambia, enzi zetu umeme ukikatika tulikuwa tunamalizia wenyewe. Nikamwambia aanze yeye.

Alianza na taa. Ni mtoto wa Kigoma, angeanza na nini? Usiku wa giza, wavuvi wa dagaa wakiwa kazini, ziwa letu linakuwa na mji wa taa mbele yake. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za sola. Mwanga unawavuta vijidudu vya majini, vijidudu vinawavuta dagaa, dagaa wanapanda na wavu unawasubiri chini. Ukisimama juu kule mtaa wa Mwanga unaweza kuapa kwamba nyota zimeshuka kunywa. Akasema, basi hao wageni wakitokea juu wataona taa majini, watadhani kuna wenzao waliowahi kufika. Hapo nikanyamaza kabisa, nimwache aendelee.

Akasema, lakini kama wangekuja ule mwaka ziwa lilipofungwa?

Alikuwa anakumbuka mwaka 2024. Serikali ilisimamisha uvuvi ziwani kwa miezi 3, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Ilikuwa sababu njema, lakini kuuona usiku wake ni kitu kingine. Mimi nimekua na zile taa. Wiki ya kwanza nilitoka nje usiku, giza la mwezi, nikatazama upande wa ziwa, hakuna kitu. Weusi mtupu mpaka milima ya Kongo. Majirani nao walitoka, tukasimama pale barabarani tukiongea kwa sauti ya chini bila sababu. Hakuna picha ya wavamizi iliyowahi kunitia baridi ya namna ile. Taa za ajabu angani watu wa hapa wangezizoea kwa wiki moja. Ukizima zile za majini, ndio tunajua kuna jambo.

Kwa hiyo mtoto ana mawazo mawili mkononi na anajua kwamba ni hadithi mbili tofauti. Amenunua daftari. Ukurasa wa kwanza amechora ziwa, refu, limelala vilevile kama lile doa kwenye televisheni, na ndani yake ameandika majina: Kibirizi, Kagunga, Gombe, Ujiji. Kagunga ameiweka kusini kuliko inavyostahili, nikamwacha. Mtu wa kwanza katika hadithi yake ni mvuvi aliyebaki peke yake majini kwa sababu mashine yake imezima. Amekwama hapo siku tatu sasa, kwani kuna kitu lazima akijue kabla hajaandika neno la pili, na ananiuliza kila nikipita: usiku ule ulikuwa wa giza au wa mbalamwezi? Kama ni mbalamwezi, wavuvi wote wako nyumbani wanashona nyavu, na huyu mvuvi anafanya nini majini?